Koti la Ngozi na Kofia Nyekundu

Tarehe 20 Desemba 1917, watu waliokuwa wameshika utawala katika nchi ya Urusi waliunda polisi ya siri, wakaiita Cheka. Mkubwa wake alikuwa Feliks Dzerzhinsky, mtu wa asili ya Poland, mzaliwa wa jamaa ya Kikatoliki, ambaye alipokuwa kijana alitamani kuwa padri. Watu wake walijulikana kwa makoti yao ya ngozi. Wengi hudhani kwamba koti lile lilichaguliwa makusudi ili litishe. Asili yake ni ndogo zaidi. Wakati wa vita vikuu vya 1914 ngozi ilikuwa nguo ya marubani na ya madereva wa magari, na akiba yake ilibaki ghalani. Tena chawa hawapendi kukaa katika ngozi kama wanavyokaa katika sufu, na miaka ile chawa walieneza homa iliyoua watu wengi sana. Basi nguo ya dereva ikawa nguo ya mpelelezi. Baada ya muda mfupi watu waliogopa koti lenyewe, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba aliyelivaa aweza kumtoa mtu kitandani usiku, wala hakuna wa kumwuliza kwa nini.

Msomaji wa Kasongo atacheka kidogo: nani angevaa koti la ngozi katika joto letu? Ni kweli. Lakini jambo lenyewe twalijua. Katika Maniema ya kusini, kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, watu wamejifunza kutazama nguo kabla ya kutazama uso. Nguo iliwaambia wakimbie au wakae. Tumeona vema tuieleze habari hiyo, kwa maana ndani yake mna swali ambalo wazee wetu walilijua vizuri: je, tumwogope aliyevaa, au yule aliyemvika?

Zamani watu wa nchi hii walivaa vitambaa vilivyofumwa kwa rafia, na nguo za magome ya miti. Ndipo wakaja wafanya biashara wa pwani pamoja na watu wao, nao walivaa kanzu za merikani nyeupe. Livingstone aliwakuta. Alikaa Kabambare miezi mingi katika mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia asiendelee, na mwaka uliofuata alifika Nyangwe. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wenye bunduki wakiingia sokoni, wakapiga risasi katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni.

Karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alifika Kasongo, na mji ukawa mkubwa. Yafaa tukumbuke jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Wengi wa wale waliovaa kanzu hawakuwa Waarabu, wala hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa watoto wa nchi hii hii. Kijana aliyetekwa, au aliyejitoa mwenyewe, alipewa bunduki na kanzu, akajifunza Kiswahili, akaitwa mwungwana. Na ndugu zake waliobaki kijijini na nguo za rafia waliitwa washenzi. Kati ya mwungwana na mshenzi tofauti ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa ile kanzu. Mtu aliweza kuivaa asubuhi, na jioni akawa miongoni mwa wale wanaokimbiwa.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Serikali ya Kongo ya Leopold, wakiongozwa na Dhanis, waliingia Kasongo. Hao walileta vazi jipya: nguo za samawati, mshipi mwekundu kiunoni, tarbushi nyekundu kichwani, na miguu mitupu. Kofia ile, tuseme kwa kupita, haikuwa ya Ubelgiji hata kidogo. Ni kofia ya Waturuki na Wamisri, na watu wa pwani waliijua zamani. Hinde, mganga Mwingereza aliyekuwa katika vita ile, ameandika kwamba walikuta mjini vitanda vilivyochongwa na vyandarua vya hariri, hata askari wa kawaida wakalala juu ya magodoro ya hariri. Mali ile ilitoka katika pembe na katika watu waliouzwa, nayo ilibadilisha mikono katika siku moja.

Lakini jeshi la Dhanis halikuwa watu wa kofia nyekundu tu. Maelfu walikuwa watu wa Gongo Lutete, aliyemtumikia Tippu Tip kwanza, kisha mwaka 1892 akageukia upande wa Serikali. Hao walivaa walichokuwa nacho. Mwezi wa Septemba 1893 maafisa wa Serikali walimshitaki Gongo kuwa msaliti, wakampiga risasi huko Ngandu. Baadhi ya askari wake walitiwa katika jeshi, wakapewa nguo za samawati, nao hawakusahau. Mwaka 1895 waliasi Luluabourg. Mwaka 1897 maasi mengine makubwa yakatokea katika msafara wa Dhanis uliokuwa ukienda upande wa Nili. Waasi wakarudi kusini wakipigana njia nzima, na mwezi wa Novemba 1898 wakashika Kabambare.

Hebu tufikiri hali ya mtu wa kijijini katika siku zile. Waasi walikuwa na bunduki za Serikali, na nguo za Serikali. Waliokuja kuwafukuza walikuwa nazo vilevile. Mtu aliye shambani, akiona wekundu wa kofia kati ya majani, angejuaje ni kofia ya nani? Tena kwake ilikuwa na faida gani kujua? Upande huu ulidai chakula na wapagazi, na upande ule vivyo hivyo.

Padri mmoja wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Auguste Achte, aliangukia mikononi mwa waasi hao mwaka 1897. Alidhani atakufa. Baadhi yao walitaka kumwua kwa sababu tu ya weupe wake. Lakini mkubwa wao, Mulamba, na wenziwe walimwuliza maswali: anafanya kazi gani, ametumwa na nani, anawafunga watu minyororo au hawafungi? Walipojua kwamba hakuwa mtumishi wa Leopold, wakamwacha aende, hata wakampa pembe kuwa malipo ya vitu vyake walivyochukua. Habari hii twaipenda, kwa sababu hapa watu wenye silaha na wenye uchungu mwingi waliuliza kwanza habari za mtu. Katika historia tunayoisimulia, jambo hilo si la mara nyingi.

Tulisema kwamba kwetu hapakuwa na koti la ngozi. Ngozi ilikuwapo, ila ilikuwa mkononi. Ngozi ya kiboko ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa juani, ikasokotwa, nayo ikawa mjeledi ambao Wabelgiji waliuita chikoti. Watu wa pwani huuita kiboko tu, kwa jina la mnyama mwenyewe. Kwa ngozi hiyo mpira ulikusanywa, barabara zikalimwa, baadaye pamba ikapandwa. Aliyepiga alikuwa askari wa kofia nyekundu, mtu mweusi, mara nyingi mgeni aliyetolewa nchi nyingine makusudi ili asiwe na ndugu pale. Aliyehesabu viboko alisimama kando katika nguo nyeupe zilizofuliwa na boi wake asubuhi. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru.

Nasi twaona kwamba hapa ndipo penye siri ya mavazi ya namna hii. Vazi lamwonyesha mtu, na papo hapo lamficha mwingine. Vijijini watu hukumbuka kofia nyekundu, kwa kuwa ilikuwa karibu. Wala si ajabu, mgongo humkumbuka mpigaji. Lakini hesabu ya mpira haikuandikwa na askari yule mwenye miguu mitupu. Na huko Urusi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1937 na 1938 zaidi ya watu laki sita walipigwa risasi kwa hukumu za mambo ya siasa, na hesabu ya watakaouawa katika kila jimbo ilipangwa kwanza Moskva, kwenye karatasi, mezani. Waliotumwa kugonga milango wakati huo walikuwa na sare yao, yenye kofia ya kilele cha samawati, na watu waliwaogopa kwa kofia hiyo. Wengi wa wakubwa wao na wa watumwa hao wenyewe walipigwa risasi baadaye. Kofia haikuwalinda.

Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, ambamo watu wengi wa Maniema walibebeshwa mizigo kuelekea Tabora, kaki ilichukua mahali pa samawati. Hatuna mengi ya kusema juu ya kaki. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 jeshi lilibadilishwa jina, na nguo zikabaki zile zile.

Tarehe 11 Novemba 1961, wanaume 13 wa Italia walitua Kindu kwa ndege mbili. Walikuwa marubani na wenzao wa jeshi la anga, wakileta vitu kwa askari wa Malaya waliokuwa huko kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Walikuwa wakila chakula cha mchana askari wa Kongo walipowavamia. Askari hao waliona wazungu waliovaa nguo za kijeshi, wakawadhani kuwa askari wa miavuli Wabelgiji waliokodiwa na Katanga. Wote 13 waliuawa. Miili yao ilizikwa kwa siri Tokolote, karibu na Kindu, ikaonekana mwaka 1962, na sasa imelala Pisa, mji walikotoka kwa safari yao. Hakuna aliyewauliza yale maswali ya Mulamba.

Kisha ukaja mwaka 1964. Simba walipita Kabambare na Kasongo, na mwezi wa Julai wakashika Kindu chini ya Nicolas Olenga. Hao walikataa nguo za Wazungu. Walivaa ngozi za chui na za nyani, manyoya ya ndege, na majani ya miti, walichanjwa dawa, wakanyunyiziwa maji, wakaenda mbele wakipiga kelele ya „Mai Mulele“. Askari wa Serikali walipowaona walikimbia, na wengi wakazitupa sare zao vichakani wapate kujificha kama raia. Ndipo nguo nyingine zikawa hatari: suti, tai, viatu vilivyopigwa rangi. Karani, mwalimu, mtumishi wa ofisi, waliokuwa wakijivunia nguo hizo miaka minne tu iliyopita, waliuawa wengi, na Kindu zaidi.

Serikali iliporudi mwezi wa Novemba pamoja na askari wake wa kukodiwa, mambo yaligeuka tena. Simba alivua ngozi ya chui akaitupa. Lakini chanjo za dawa zilikuwa mwilini, nazo haziwezi kuvuliwa. Vijana walivuliwa mashati, wakatazamwa vifua na vipaji vya uso, na waliokutwa na alama waliuawa. Wamo waliopigana kweli, na wamo waliochanjwa kwa nguvu, au kwa hofu, kwa kuwa kijiji kizima kilichanjwa siku ile. Alama ilikuwa moja kwa wote.

Mobutu alipotwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, ngozi ya chui ikarudi, mara hii kichwani mwa Rais. Polisi yake ya siri haikuwa na vazi la kujulikana. Jina lake lilibadilika mara kadhaa, lakini mtu wake aliweza kuwa yeyote anayekunywa bia meza ya pili. Warusi nao wamefuata njia hiyo: sanamu ya Dzerzhinsky iliondolewa mbele ya jumba la Lubyanka mwezi wa Agosti 1991, ingawa tarehe 20 Desemba bado ni sikukuu ya watu wa kazi hiyo. Siku hizi wapelelezi wao huvaa kama raia wengine, na wanapokuja kukamata, mara nyingi huziba nyuso. Wazee wachache watasema kwamba afadhali koti la ngozi, kwa maana ulilisikia likija ngazini.

Mwaka 1996 na 1997 tuliona makadogo waliokuja na Kabila, wengine watoto kabisa, wamevaa mabuti ya mpira kama ya kulimia mpunga. Halafu miaka ya vita ya 1998 hadi 2003, na makundi yaliyofuata, ambayo hata jina la vazi lao ni gumu kulitaja. Katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare mtu aliweza kusimamishwa kwenye kamba na kijana mwenye koti la jeshi, suruali ya raia, ndala miguuni na hirizi shingoni. Koti limenunuliwa, au limenyang'anywa, au limevuliwa maiti. Mama mwenye ndizi kichwani hushusha mzigo wake. Humtazama kijana yule usoni, kwa kuwa nguo hazimwambii kitu tena, na humwamkia kwa lugha ya nyumbani, akijaribu kujua ni mtoto wa nani.