Parachuti za kuruka majabali: Vigezo vya kulinganisha miavuli ya mchezo wa BASE

MNAMO mwaka wa 1966, Wamarekani wawili, Michael Pelkey na Brian Schubert, walijirusha kutoka kilele cha El Capitan, jabali lenye kimo cha takriban mita 900 katika mbuga ya Yosemite, jimboni California. Parachuti walizobeba zilikuwa za mviringo, aina ambayo kwa kiasi kikubwa huenda inakopelekwa na upepo. Zilifunguka, lakini upepo uliwasukuma kuelekea kwenye mwamba waliouruka, na wote wawili wakafika chini wakiwa wamevunjika mifupa.

Kisa hicho kina funzo ambalo lingali msingi wa kulinganisha parachuti za mchezo huu hadi leo. Kwa anayeruka kutoka kwa ndege, swali la kwanza ni iwapo parachuti itafunguka. Kwa anayeruka kutoka kwenye jabali, daraja au jengo, swali hilo ni nusu tu ya mambo. Nusu ya pili ni parachuti itafunguka ikielekea wapi, na mrukaji atakuwa na muda gani wa kuigeuza iwapo itamwelekeza ukutani.

Makala haya yanaeleza vigezo ambavyo mtu huvitumia kupambanua mwavuli mmoja na mwingine. Kwa neno 'mwavuli' tunakusudia kile kitambaa kinachojaa hewa na kumbeba mrukaji, wala si mfuko wala mikanda yake.

Asili ya mchezo

Jina BASE limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya jengo, mlingoti wa antena, daraja na ardhi, yaani majabali. Aliyeueneza mchezo huu kuliko wengine wote ni Mmarekani Carl Boenish, ambaye mnamo 1978 alipiga filamu ya watu wakiruka kutoka El Capitan kwa parachuti zenye umbo la bawa. Boenish alifariki mwaka wa 1984 baada ya kuruka kutoka jabali la Trollveggen nchini Norway.

Parachuti ya bawa ilitokana na kazi ya Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara na maputo nchini Marekani, aliyeibuni katika miaka ya 1960. Ina tabaka mbili za kitambaa, ya juu na ya chini, zilizogawanywa kwa kuta za kitambaa kuwa vyumba. Vyumba hivyo viko wazi upande wa mbele. Hewa huingia, hutuna ndani, na kitambaa kilicholegea hugeuka kuwa bawa linaloelea kwenda mbele na kutii mkono wa mrukaji.

Tofauti na parachuti za ndegeni

Watalii wanaoruka kutoka kwa ndege, kwa mfano katika ufuo wa Diani, Kaunti ya Kwale, hufanya hivyo wakiwa maelfu ya mita juu ya ardhi. Parachuti yao kuu inaweza kutumia mita 200 au zaidi kufunguka polepole bila kumtikisa mtu, na ikikataa, ipo ya akiba mgongoni.

Mrukaji wa BASE, kwa kawaida, hubeba parachuti moja tu. Daraja la Perrine katika mji wa Twin Falls, jimbo la Idaho, ambako watu huruka mwaka mzima bila kuhitaji kibali, lina kimo cha mita 148 juu ya Mto Snake. Sekunde moja baada ya kuacha ukingo, mrukaji huwa ameanguka mita 5 hivi. Sekunde ya pili ikitimia huwa ameanguka karibu mita 20. Ya tatu, mita 44. Na ya nne, kama mita 75. Asipofungua chochote, atafikia maji kabla ya sekunde ya sita kwisha. Katika muda huo, hata parachuti ya akiba ingekuwa na nafasi finyu mno ya kumfaa.

Ndiyo sababu sifa zinazotukuzwa katika parachuti za ndegeni, kama vile kasi, wepesi wa kupinda kona na kuelea mbali, huwekwa nyuma hapa. Mwavuli wa BASE una undugu wa karibu zaidi na ile parachuti ya akiba ya warukaji wa ndegeni: mpana, mtulivu na usio na madaha.

Ukubwa

Kigezo cha kwanza ni uwiano wa uzito na eneo la kitambaa. Watengenezaji huhesabu eneo kwa futi mraba, na kadirio linalotumika sana ni ratili 0.7 kwa kila futi mraba. Tuseme mtu ana kilo 70, na vifaa na mavazi yake yana kilo 10. Jumla ya kilo 80 ni kama ratili 176. Hivyo anahitaji mwavuli wa futi mraba 250 hivi, sawa na mita mraba 23. Mtu huyo huyo, akiwa mzoefu wa kuruka kutoka kwa ndege, huenda anatumia huko mwavuli wa nusu ya ukubwa huo.

Mwavuli mkubwa huenda polepole, na polepole hiyo ni uhai. Ukifunguka ukielekea mwamba, humpa mrukaji muda wa kuugeuza. Akiugonga mwamba, hugonga kwa kasi ndogo. Isitoshe, sehemu za kutua mara nyingi ni vipande vya ardhi kati ya mawe, miti na maji. Hata hivyo, mwavuli uliozidi uzito wa mtu husukumwa kirahisi na upepo na hujibu amri kwa uzito. Ukubwa una kipimo chake.

Umbo na vyumba

Miavuli mingi ya BASE ina vyumba 7, na upana wake kutoka ncha hadi ncha ni kama mara mbili ya kina chake kutoka mbele hadi nyuma. Miavuli ya michezo ya ndegeni aghalabu ina vyumba 9, huwa mirefu na myembamba zaidi, na baadhi huchongwa ncha kama yai. Bawa refu huelea vizuri, lakini hufunguka kwa namna isiyotabirika, na upande mmoja ukitangulia kujaa, bawa zima hugeuka. Bawa fupi la vyumba 7 hujaa kwa pamoja na huelekea kushika mwelekeo liliopakiwa nao.

Kitambaa

Vipo vitambaa vya aina mbili kuu, vyote vya nailoni. Cha kwanza hupitisha hewa kidogo na hujulikana kwa jina F-111. Hukunjika kirahisi, hakitelezi mikononi, na humsaidia mrukaji kupakia mwavuli wake kwa unadhifu. Kasoro yake ni kwamba huchakaa: kadiri kinavyotumika, ndivyo kinavyozidi kuvuja hewa, na kutua kunakuwa kuzito.

Aina ya pili hupakwa silikoni na haipitishi hewa. Hudumu zaidi na humwezesha mrukaji kupunguza kasi vyema anapotua, lakini huteleza na ni ya kusumbua wakati wa kupakia. Baadhi ya watengenezaji huchanganya: silikoni kwenye sehemu ya mbele ya tabaka la juu, F-111 kwingineko.

Vipo pia vitambaa vyepesi kwa wapanda milima. Mrusi Valery Rozov aliporuka kwa suti ya mabawa kutoka ukuta wa Mlima Kilimanjaro, Tanzania, mnamo 2015, alianzia takriban mita 5,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa safari ya namna hiyo, kila gramu mgongoni huhesabiwa. Lakini katika hewa hafifu ya huko juu, mwavuli ule ule hutua kwa kasi zaidi kuliko ufukweni. Anayepunguza ukubwa ili apunguze mzigo, basi, hana budi kujua anachokilipia.

Matundu ya chini

Haya ndiyo mabadiliko makubwa zaidi ya miongo ya karibuni. Pamoja na midomo ya mbele, watengenezaji walianza kutoboa matundu katika tabaka la chini, mengi yakiwa na vali za kitambaa zinazoruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Mrukaji anapoanguka wima, hewa inamjia kutoka chini. Matundu huipokea mapema, na mwavuli hutuna na kuanza kutii upesi zaidi.

Faida hiyo huonekana hasa katika miruko mifupi, na pale mrukaji anapovuta breki kwa nguvu ili mwavuli urudi nyuma, mbali na ukuta. Gharama yake ni uzito, ukubwa wa furushi, na kazi zaidi ya mshonaji na ya mpakiaji.

Breki na kamba

Mwavuli hupakiwa breki zikiwa zimevutwa kiasi na kufungwa. Breki zikifungwa kwa kina kifaacho, mwavuli hufunguka bila kuchupa mbele. Zikiwa legevu mno, huchupa, na kama umegeuka nyuzi 180, huchupa ukutani. Zikivutwa kupita kiasi, unaweza kuporomoka nyuma bila kuelea. Miavuli bora hutengenezwa na zaidi ya kituo kimoja cha breki, na mwenyewe hupaswa kukijaribu kila kimoja mahali pa wazi, kabla ya kukitegemea mbele ya mwamba.

Anayelinganisha miavuli aulize pia unavyoshuka ukiwa ndani ya breki nzito. Mwavuli unaoweza kushuka karibu wima bila kupoteza umbo humfikisha mtu kwenye uwanja mdogo. Unaoporomoka ghafla humvunja miguu.

Slaida

Slaida ni kipande cha kitambaa chenye pete kwenye pembe zake, ambamo kamba hupita. Hushuka taratibu kamba zinapotanuka, na hivyo kuuzuia mwavuli usifunguke kwa kishindo. Katika miruko mirefu, kama ile ya Kjerag nchini Norway yenye ukuta wa karibu mita 1,000, mtu huwa amefikia kasi kubwa, na bila slaida mshtuko ungeweza kumjeruhi au kuchana kitambaa. Slaida ya wavu hutumiwa mara nyingi ili kufunguka kusichelewe mno.

Katika miruko mifupi, ambapo mtu huanguka kwa sekunde mbili hivi tu, slaida huondolewa kabisa. Hapo huzuka hatari nyingine: kamba kupanda juu ya mwavuli na kuukunja katikati. Kwa sababu hiyo hutumika kitanzi kidogo kinachobana kwa muda kamba za nyuma, pamoja na vishikio vya breki vinavyoweza kuachilia kamba iliyokwama. Mwavuli usiokubali mpangilio wa aina zote mbili ni wa matumizi finyu.

Kiparachuti kidogo kinachouvuta mwavuli kutoka mfukoni nacho hubadilishwa kulingana na kimo: kipenyo cha kama inchi 32 hadi 38 kwa miruko mirefu, na inchi 42 hadi 48 kwa mifupi ambapo kasi ya hewa ni ndogo.

Majina ya sokoni

Miongoni mwa miavuli iliyojizolea jina ni FLiK ya Apex BASE, Troll ya Atair na Outlaw ya Squirrel. Yote ni ya vyumba 7, na inafanana kuliko matangazo yanavyodokeza. Mnunuzi hafai kuanza kwa jina. Aanze kwa mahali atakaporuka. Wa madaraja na majengo mafupi atangulize matundu ya chini na uthabiti wa mwelekeo. Wa majabali marefu anayevaa suti ya mabawa anaweza kutanguliza wepesi na uwezo wa kuelea hadi uwanjani. Mgeni wa mchezo achague ukubwa na utulivu, na wakufunzi wengi humtaka awe ameruka kutoka kwa ndege kiasi cha mara 200 kwanza.

Anayenunua uliotumika akague mambo matatu: kitambaa kama kimeanza kuvuja, kamba kama zimepungua urefu kwa kutolingana, na mishono ya mahali kamba zinapoungana na kitambaa. Kamba zilizopindisha uwiano huugeuza mwavuli wowote, uwe wa jina gani.

Kisichonunuliwa

Mwavuli bora hupunguza adhabu ya kosa, lakini haulifuti kosa lenyewe. Upakiaji mbaya, upepo uliopuuzwa au mwili uliopinda wakati wa kufungua huweza kuugeuza mwavuli mzuri kuelekea ukutani. Na lipo kosa moja ambalo hakuna mshonaji awezaye kulirekebisha.

Mnamo Oktoba 2006, Brian Schubert, yule yule wa El Capitan, alirejea kuruka katika tamasha la Daraja la New River Gorge, West Virginia, lenye kimo cha mita 267. Alikuwa na umri wa miaka 66. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu alipovunjika mifupa chini ya parachuti ya mviringo, na katika muda huo karibu kila kitu tulichokieleza hapa kilikuwa kimebuniwa: bawa la vyumba 7, breki za kina, slaida ya wavu, matundu ya chini. Siku hiyo alichelewa kufungua, akafariki.

Kwa hivyo, baada ya kulinganisha vitambaa, vyumba na matundu, mrukaji hubaki na hesabu ya sekunde. Hiyo haiuzwi dukani, na ndiyo inayoamua iwapo mwavuli aliouchagua kwa makini utapata nafasi ya kumfaa.