Kampuni, Chuo na Swali la Mwanafunzi

Ubepari haukuanza kwa kuwapenda wahandisi waliosoma. Viwanda vya kwanza vya Uingereza vilijengwa na mafundi waliojifunza kazi karakanani, na mwenye mtaji hakuona sababu ya kulipia elimu ambayo fundi aliipata kwa jasho lake mwenyewe. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19, umeme na kemia vilipoingia katika uzalishaji mali. Tangu hapo elimu ya chuoni ikawa mojawapo ya nyenzo za uzalishaji, na kama ilivyo kwa kila nyenzo, likazuka swali la nani aimiliki. Katika makala hii tunakusudia kulifuatilia swali hilo nchini Marekani, kwa kulitazama jambo moja ambalo wengi wetu huliona kuwa ni hisani tu: kampuni kulipia mafunzo na kazi za wanafunzi wa uhandisi.

Kwanza tukumbuke kwamba vyuo vingi vya ufundi vya Marekani havikujengwa na kampuni. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ya umma, ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta wa jimbo, ili iuzwe na fedha zake zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili wa bara lile. Kwa hiyo kampuni zilipofika mlangoni mwa chuo zilikuta karamu ambayo hazikuipika.

Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati kilichokuwa mali ya mji, mkuu wa kitivo cha uhandisi, Herman Schneider, alianzisha mpango mpya akiwa na wanafunzi 27. Mwanafunzi alikaa darasani wiki moja, wiki ya pili akaenda kiwandani. Na wanafunzi walipangwa wawili wawili wakipokezana, hata nafasi ya kazi isibaki wazi. Cincinnati ulikuwa mji wa viwanda vya mashine za kukereza na kutoboa chuma, na wenye viwanda walimlipa kijana ujira kwa wiki alizofanya kazi. Hatuoni haya kusema kwamba mpango huu ulikuwa na faida ya kweli. Mtoto wa mfanyakazi aliweza kujisomesha kwa mikono yake, na msomi alilazimika kushika grisi kabla ya kushika cheo. Lakini ratiba ya masomo ilianza kupimwa kwa mahitaji ya karakana za watu binafsi, na chuo cha mji mzima kikawa kinawaandalia wenye viwanda wasimamizi wa kesho.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Massachusetts, katika Taasisi ya Teknolojia inayojulikana kwa kifupi kama MIT. Hapo palikuwa na wakemia wawili wenye mawazo mawili. Arthur Noyes alianzisha mwaka 1903 maabara ya utafiti wa misingi ya kemia. William Walker alianzisha yake mwaka 1908, maabara ya kemia ya viwanda, iliyofanya kazi kwa mikataba na kampuni. Mwaka 1916, kwa fedha za George Eastman, tajiri wa kamera za Kodak, ilianzishwa shule ya mazoezi ambayo wanafunzi wake walipelekwa kwenye vituo vilivyowekwa ndani ya viwanda. Mwaka uliofuata kampuni ya General Electric ilikubaliana na chuo kuwagawa wanafunzi wa umeme kati ya darasa na viwanda vyake.

Kisha ukaja mwaka 1919. Badiliko la katiba ya jimbo lilikuwa limeufunga mlango wa ruzuku ya serikali kwa vyuo vya binafsi, na MIT ilikuwa na njaa ya fedha. Eastman, aliyekuwa akijificha chini ya jina la Bwana Smith, aliahidi dola milioni 4 kwa sharti kwamba chuo nacho kitafute mamilioni yake. Yalitoka wapi? Chuo kiliziuzia kampuni mikataba: kila kampuni ilipe ada, na badala yake ipate kutumia maktaba, ipate ushauri wa walimu, na isaidiwe kuwapata wahitimu inaowataka. Tukitumia lugha ya sokoni, hapo mwalimu, kitabu na kijana viliwekwa katika kapu moja. Noyes aliondoka akaenda Pasadena, California. Walker na wenzake wakashinda.

Ushindi huo haukudumu. Kampuni iliyolipia utafiti ilitaka siri, kwa hiyo mambo yaliyogunduliwa yalifungiwa kabatini badala ya kuchapishwa ili wengine wajifunze. Maswali yalikuwa madogo madogo, ya kuondoa usumbufu wa kiwanda fulani. Na mgogoro mkuu wa ubepari ulipolipuka mwaka 1929, wafadhili walifunga mikoba yao. Mwaka 1930 chuo kilimleta Karl Compton, mwanafizikia, kuwa rais wake, naye akairudisha sayansi ya msingi mahali pake. Jambo hili huwa halitajwi na wale wanaotuhimiza tuvikabidhi vyuo kwa soko. Mabepari wenyewe walilijaribu soko, likawaacha njiani.

Mtindo tunaoujua leo, wa kikundi cha wanafunzi kupewa tatizo na kampuni, ulipata sura yake mwaka 1963 katika Chuo cha Harvey Mudd, huko Claremont, California, ambako walimu Jack Alford na Mack Gilkeson walianzisha walichokiita kliniki ya uhandisi. Kampuni hulipa ada na kutoa tatizo. Vijana wachache hulishughulikia kwa mwaka mzima wa masomo chini ya mwalimu. Mwishoni hutoa ripoti, na haki za uvumbuzi huwa za mfadhili. Vyuo vingi vimeiga. Kama mbinu ya kufundishia ni nzuri, nasi hatuna ugomvi na mbinu. Kijana hujifunza kwamba chuma hupasuka na kwamba bajeti huisha.

Lakini jina la chuo hicho nalo lina somo. Harvey Mudd alikuwa mhandisi wa migodi, na utajiri wa ukoo wake ulitoka katika shaba ya Kupro, kisiwa kilichokuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1948 wachimbaji wa kampuni yake, Wagiriki na Waturuki bega kwa bega, waligoma kwa muda wa miezi minne hivi wakidai ujira bora. Jasho lao limo katika hazina iliyojenga chuo, na tunavyoona sisi, mchimbaji wa Kupro alikuwa mfadhili wa kliniki ile kabla ya kampuni yoyote, ingawa yeye hakupewa nafasi ya kuuliza swali.

Hapa kwetu njia ilikuwa nyingine. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, miaka sita baada ya Azimio la Arusha. Mwanafunzi alipokwenda kwa mafunzo ya vitendo, mara nyingi alikwenda katika shirika la umma. Ripoti yake ilitoka mkono mmoja wa umma kwenda mwingine. Mwaka 1981 ikaanzishwa hapo taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, kazi yake ikiwa kubuni mashine ambazo viwanda vidogo vya nchini vingeweza kuzitengeneza. Swali lilitoka shambani na kijijini, si katika ofisi ya mwenye hisa. Tusijidanganye kwamba yote yalikwenda sawa: viwanda vingi vilikosa vipuri na fedha za kigeni, na kijana aliweza kumaliza mazoezi yake akiitazama mashine iliyosimama.

Kuanzia miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yaliuzwa, na mengine yakafungwa. Kitivo sasa ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, na barua ya mwanafunzi ya kuomba nafasi ya mazoezi huenda zaidi kwa kampuni binafsi, za wenyeji na za wageni. Makada walio katika mabaraza ya vyuo na wanafunzi wanaotia saini makubaliano hayo waisome kwanza ibara inayohusu matokeo ya kazi: ripoti itachapishwa au itafungiwa, na chombo kikibuniwa, hataza itaandikwa kwa jina la nani.