Usiku wa Sisibo: Historia ya Burudani za Jioni Mjini Eldoret

Historia ya burudani za jioni mjini Eldoret kwa kiasi kikubwa ni historia ya malipo. Mji huu wa uwanda wa juu wa Uasin Gishu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake humrudisha mtu nyumbani mapema, hivyo mazoea ya miji ya pwani ya kukaa barazani hadi usiku wa manane hayakupata nafasi hapa. Badala yake palizuka usiku wa majira, ambao hushamiri mkulima anapolipwa mahindi au ngano yake na mshahara wa mwisho wa mwezi unapotoka, kisha hufifia fedha hiyo inapokwisha mifukoni. Serikali za nyakati zote, ya kikoloni na zilizofuata uhuru, zimejaribu kuupangia usiku huo saa zake za kuanza na kumalizika, lakini kalenda yake haijawahi kuwa mikononi mwao.

Kabla ya mji kuwapo, jioni ya uwanda huu ilikuwa na utaratibu wake miongoni mwa Wanandi na jamaa zao wa jamii za Kalenjin. Pombe ya nafaka, iitwayo maiyek, ilitiwa katika chungu kikubwa kilichowekwa katikati, na wazee waliokizunguka wakainywa kwa mirija mirefu, kila mmoja akikaa mahali palipolingana na umri wake. Unywaji huo uliandamana na shughuli maalumu, kama vile arusi, mavuno au kuamua jambo la ukoo. Haukuwa biashara, na kijana hakuwa na mrija katika chungu hicho. Tofauti kati ya pombe inayoalika watu na pombe inayouzwa ndiyo inayogawa historia yote inayofuata.

Mnamo 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda uwandani kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa katika shamba lililopimwa na kupewa nambari 64, na ndiyo sababu wenyeji, wakilitamka neno la Kiingereza la nambari hiyo kwa ulimi wao, wakauita mji Sisibo, jina ambalo bado linasikika mitaani. Jina rasmi la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, likatokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani mto Sosiani. Hadithi maarufu ya mwaka huohuo husema kwamba sanduku la fedha la benki lilianguka kutoka garini na, kwa kuwa halikuinulika, benki ikajengwa palepale lilipolala. Ukweli wake si muhimu kuliko jambo moja: kumbukumbu za walowezi huitaja benki hiyo pamoja na baa iliyobandikwa jina la Rat Pit, yaani shimo la panya, kana kwamba mji ulianza kwa mahali pa kuwekea fedha na mahali pa kuzimalizia.

Walowezi wenyewe hawakuwa na usiku mmoja. Makaburu, waliokuwa wafuasi wa kanisa la Kikalvini, waliona fahari katika makusanyiko ya meza ya Bwana, ambapo familia zilitoka mashambani na kupiga kambi kwa siku kadhaa, ilhali Waingereza walijenga klabu na kuzunguka kaunta za hoteli. Kufikia miaka ya 1950 mgawanyiko huo ulionekana hata katika ramani, kwani barabara kuu, ambayo leo inaitwa Uganda Road, iliwatenga wasemaji wa Kiafrikana upande wa kaskazini na wasemaji wa Kiingereza upande wa kusini. Mwafrika hakuhesabiwa katika pande zote mbili isipokuwa kama mhudumu. Bia ya chupa ilikuwa marufuku kwake hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pombe ya kienyeji ilihitaji kibali, na kutembea mjini usiku bila karatasi ya mwajiri kulimtia mashakani.

Hata hivyo, reli iliyofika mwaka 1924 na umeme uliowashwa mwaka 1933 vilileta watu ambao hawakuweza kuzuiwa na vibali: vibarua wa reli, mafundi, makarani na watumishi wa nyumbani, wengi wao wakitoka Nyanza na nchi ya Waluhya, mbali na wake zao na wazee wao. Hao ndio walioingiza mjini busaa ya kuuzwa, na waliowauzia walikuwa wanawake. Utengenezaji wake wastahili kuelezwa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya siku nyingi ambayo mnywaji huimaliza kwa saa moja. Unga wa mahindi hulowekwa kwa maji machache na kufunikwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe wa kahawia na harufu yake ienee mtaa mzima, jambo ambalo limewasaliti wapikaji wengi kwa askari. Baada ya kuanikwa, unga huo hutiwa majini pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, na siku chache baadaye pombe huwa tayari: nzito, chachu, ya rangi ya udongo. Penye chungu hunywewa kwa mirija ikiwa imetiwa maji ya moto. Penye haraka hupimwa kwa mkebe uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Karo za shule za watoto wengi wa mitaa kama Langas zilitoka katika mikebe hiyo, na ni haki kusema kwamba historia zilizoandikwa kuhusu mji huu zimewapa wapikaji hao nafasi ndogo kuliko waliyostahili.

Baada ya uhuru wa 1963 milango ya hoteli na klabu ilifunguliwa kwa wote wenye uwezo wa kulipa, na mji ukapata kile ulichokikosa, yaani umati wenye mshahara wa kudumu. Viwanda vya nguo vya Raymond, Ken-Knit na Rivatex, pamoja na ufugaji na kilimo cha mashamba makubwa, viliwalipa maelfu ya watu kwa siku zinazojulikana, na wenye baa walijua kuagiza kreti za ziada kwa kutazama tarehe. Muziki wa benga, ambao uti wake ni gitaa linalojibizana na mwimbaji, na rumba ya Kikongo vilisikika katika kumbi hizo. Uagizaji wa mitumba ulipofunguliwa katika miaka ya 1990, viwanda vilidhoofika, Rivatex ikafungwa, na Ijumaa za mwisho wa mwezi zikapungukiwa na wateja kabla ya mtu yeyote kutunga sheria ya kuwapunguza. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na kwa sehemu na madereva wa malori yaendayo Uganda na Kongo, ambao usiku wao ni wa nyama choma, mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa) na usingizi mfupi ndani ya gari.

Sheria nazo hazikukosekana. Chang'aa, pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha kinywaji kilichochachuka na kupoza mvuke wake, ilipigwa marufuku mwaka 1980 na ikaruhusiwa tena kwa masharti mwaka 2010, katika sheria ileile iliyoziamuru baa kufungua saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku katika siku za kazi. Wanaokunywa mjini Eldoret ni watu ambao kesho yake wana kazi. Kilichobadilisha baa za maskini zaidi ya saa hizo ni bia ya kegi ya bei nafuu iliyoingizwa sokoni mwaka 2004. Nyakati mbili usiku ulizimwa: majuma ya mwanzo wa 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ambapo hofu ilitosha bila amri, na kipindi cha kafyu ya korona, kilichoanza Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021.

Fedha za karibuni zimetoka miguuni mwa wakimbiaji. Wanariadha wa Eldoret na mji jirani wa Iten wamewekeza zawadi za mbio za ng'ambo katika majengo ya katikati ya mji, na katika baadhi ya majengo ya namna hiyo ghorofa hukodishwa kuwa maduka, hoteli na kumbi za starehe ambamo vijana hutazama ligi ya Uingereza na madijei huchanganya muziki wa Kikalenjin na wa Nairobi. Agosti 15, 2024 mji ulitunukiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya, ukiwa na wakazi 475,716 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Waliogharimia sehemu ya majengo hayo hawaonekani sana ndani yake gizani, kwani mazoezi huanza alfajiri na mkimbiaji wa mbio ndefu hulala saa tatu usiku, wakati ambapo wapangaji wake ndio kwanza wanaunganisha spika.