Kutoa na Kupa: Msamiati wa Hisani ya Sikukuu, kutoka Pishi ya Fitri hadi Bomani, Tarime

Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya tendo la hisani, navyo havilingani. Kitenzi -pa, ambacho ni cha asili ya Kibantu, hakikubali kusimama bila mpokeaji. Husemwa “Asha alimpa jirani mchele”, na kiambishi cha mtendwa hakiondoleki. Kikiondolewa, sikio litasikia habari ya kulipa, si ya kupa. Kitenzi -toa, kwa upande wake, kinahusiana na -toka, na maana yake ya msingi ni kukiondoa kitu kilipokuwa na kukiweka nje. “Asha alitoa mchele” ni sentensi iliyokamilika, ingawa msikilizaji hajaambiwa ni nani aliyeula.

Tofauti hii ya kisarufi ina historia ndefu katika matumizi. Kila Desemba, na kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia kwisha, magazeti ya Tanzania huandika kwamba kiongozi fulani, benki fulani au kampuni fulani “imetoa msaada wa sikukuu”. Hutajwa mchele, mafuta ya kupikia, sukari na mbuzi, na jina la mtoaji hukaa mwanzoni mwa sentensi. Mpokeaji huja mwishoni, tena kwa jina la jumla: yatima, wazee, wasiojiweza. Hata methali iliyo mashuhuri kuliko zote katika uwanja huu, “Kutoa ni moyo, si utajiri”, hupima vitu viwili ambavyo vyote ni vya mtoaji. Tumbo la mpokeaji halimo. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba jambo hili lina uzito mkubwa katika mahali pamoja mkoani Mara.

Taasisi kongwe ya hisani ya sikukuu katika Uswahili ni zaka ya fitri. Neno fitri ni la Kiarabu, lenye maana ya kufungua baada ya kufunga, na kutoka katika mzizi huohuo Kiswahili kimepata futari na kufuturu. Kinachoipambanua fitri na sadaka ya kawaida ni kwamba haikumwachia mtoaji uhuru mwingi. Kiasi kimewekwa: saa moja ya kipimo cha Kiarabu, yaani mudi 4, kwa kila mtu aliyemo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Katika pwani kipimo hicho kilipata mwenzake wa karibu katika pishi, ambayo nayo ni vibaba 4. Leo aghalabu hukadiriwa kuwa kati ya kilo 2.5 na 3. Aina ya kitu nayo imewekwa. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hutolewa chakula kikuu cha mji ule. Kwa hiyo mtoaji hakuulizwa moyo wake unapenda nini, bali watu wa mahali pale wanakula nini.

La kuvutia zaidi kwa mwanaisimu ni saa. Pishi inayomfikia maskini kabla ya sala ya Idi huitwa fitri. Pishi ileile, ya mchele uleule, ikicheleweshwa hadi baada ya sala, huhesabiwa kuwa sadaka tu. Ni nadra kupata jina la kitu linalobadilika kwa sababu ya saa ya kufika kwake. Sababu yake iko wazi: njaa iliyokusudiwa kuondolewa ni ya asubuhi ile, ili asiwepo mtu anayelazimika kuomba wakati wenzake wanasherehekea. Jina la kipawa limefungwa kwenye haja ya anayekipokea.

Mjadala wa siku zetu kuhusu nafaka na fedha hauna budi kueleweka katika muktadha huo. Madhehebu ya Hanafi huruhusu kutoa thamani ya nafaka, ilhali Shafi hushikilia nafaka yenyewe. Watetezi wa fedha husema kwamba maskini wa mjini hulemewa na mchele wa siku moja huku akikosa dawa, nauli au nguo za watoto, na kwamba mchele huo huenda ukarudishwa dukani kwa bei ya hasara. Watetezi wa nafaka hujibu kwamba fedha huweza kuchukuliwa na mwenye deni kabla sufuria haijateleka. Misikiti mingine hupokea fedha kwa niaba ya watoaji na kununua nafaka, suluhisho ambalo halijamridhisha kila mtu. Hata hivyo pande zote mbili zinabishana juu ya swali moja na lililo sahihi, nalo ni kitamfaa nini yule mtu.

Misheni za Kikristo zilipoingia bara, sikukuu mpya zilikuja na majina yake, Noeli kwa upande mmoja na Krismasi kwa upande mwingine, lakini hazikuja na pishi. Neno sadaka, ambalo lilikwisha kuenea, lilichukuliwa na kupewa kazi ya matoleo ya kanisani. Tarehe 26 Desemba ilibaki na jina lake la Kiingereza, Boxing Day, ambalo asili yake hunasibishwa na visanduku vya zawadi. Watanzania wengi wamelisikia kama habari ya ndondi, na kwa kweli mapambano ya ngumi hupangwa siku hiyo. Nchini Kenya siku hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2020 na kuwa Siku ya Utamaduni. Siku iliyosemwa kuwa ya kutoa imeingia katika lugha bila kuleta neno lolote la kutoa.

Wapokeaji hawakukaa kimya. Walipoletewa nguo kuukuu kutoka ng’ambo waliziita kafaulaya, yaani mwenyewe amekufa Ulaya, kabla neno mitumba halijashika. Unga wa mahindi ya njano ulioagizwa kutoka nje katika miaka ya uhaba wa chakula, hasa ya 1970 na 1980, uliitwa Yanga kwa rangi ya klabu ya mpira. Majina haya si utani mtupu. Ni hukumu ya mlaji na mvaaji juu ya kitu alichochaguliwa na mtu mwingine, na pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya maoni yake.

Sasa kuhusu Bomani. Jina hili la kata katika mji wa Tarime limeundwa kwa neno boma na kiambishi cha mahali -ni, na miji mingi ya Tanzania inalo. Boma lilikuwa ngome, kisha likawa ofisi ya serikali, na “kwenda bomani” kukawa kwenda kwa wenye mamlaka. Tarime, hata hivyo, ina mamlaka mengine yenye nguvu: mabaraza ya wazee wa mila wa koo za Wakurya, yaitwayo inchama, ambayo hupanga msimu wa tohara. Msimu huo aghalabu huangukia Desemba, shule zinapofungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini msimu haukukoma kwa sheria.

Katika msimu huo zawadi zina kazi. Msichana aliyekeketwa hurudishwa nyumbani kwa nyimbo, akavishwa kanga na kupewa fedha mbele ya watu. Aliyekataa hapewi kitu. Wengine hutoroka usiku. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kimekuwa kikipokea mamia ya wasichana katika misimu hiyo, na huko Mugumu, wilayani Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014. Kwa hiyo mtu wa Bomani anayejiuliza mwezi wa Desemba apeleke nini na wapi hachagui kati ya hisani na kutokuwa na hisani. Anachagua kati ya karamu mbili, na kila kanga inayotolewa katika ile ya kwanza ni sauti ya kuunga mkono.

Akichagua ya pili, swali la fitri linarudi, ila majibu ni mengine. Haja ya wasichana hawa huanza shule zinapofungwa na haiishi tarehe 25 Desemba. Mbuzi wa Krismasi huliwa siku moja. Magodoro, unga, sabuni na taulo za kike huhitajika kwa wiki kadhaa, na mwezi Januari huhitajika sare na madaftari, hasa kwa wale ambao mazungumzo na wazazi wao hayajazaa matunda na hawawezi kurudi. Fedha, ambazo kwa maskini mwenye nyumba yake zaweza kuwa bora kuliko mchele, hapa hazifai kuwekwa mkononi mwa mtoto. Zinafaa mikononi mwa kituo kinacholipa mpishi na mlinzi. Na picha ya makabidhiano, ambayo msemo “ametoa msaada” huihitaji ili ukamilike, yaweza kumwonyesha mjomba mahali alipo mpwa wake. Wanazuoni wa fiqhi waliosifu sadaka ya siri walikuwa wakilinda nia ya mtoaji na heshima ya mpokeaji. Tarime usiri huo hulinda mwili wake.

Masanga wamekuwa na desturi ya kuumaliza msimu kwa mahafali. Wasichana waliofundishwa mambo ya utu uzima bila kukeketwa huitwa mmoja mmoja, mbele ya wazazi waliokubali kuja, wakapewa vyeti na zawadi. Ni umbo lilelile la sherehe, lenye nyimbo na mashahidi, likiwa limeondolewa kisu. Kitenzi kinachotumika hapo ni kupewa, kauli ya kutendwa ya -pa, ambayo humweka mpokeaji mahali pa kiima: Bhoke amepewa cheti, Ghati amepewa daftari. Aliyenunua daftari hatajwi, na sentensi haikupungukiwa na kitu.