Kupunga
Neno *kupunga*, ambalo wengi hulitumia kwa kuagana kwa mkono au kwa kutoka alasiri kwenda barazani kupata hewa, lina maana nyingine ya kale, nayo ni kumtibu mtu kwa ngoma: mgonjwa huketishwa mkekani, afunikwe shuka, afukizwe ubani, kisha mabega yaanze kutikisika kwa mdundo hata jasho limtoke na pumzi imrudie. Tiba hii hunifanya niwaze kwamba katika nchi ya Narung'ombe, kusini mwa Tanzania, ambako njaa ilifuata vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ambako tarehe 19 Julai 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana huku mizigo yao ikibebwa na wapagazi wetu, khofu haikukosa kubaki viungoni mwa walionusurika. Tabibu Bessel van der Kolk, katika kitabu chake cha 2014, asema kwamba mwili huhifadhi msiba ambao ulimi hauwezi kuusimulia. Sisemi kwamba mganga wa ngoma na tabibu huyu ni mamoja, kwani itikadi zao ziko mbalimbali; lakini wote huanzia mwilini, na mimi nawasihi walimu wetu wa saikolojia walizingatie neno hili la *kupunga* kabla ya kuazima jingine.