Mwindaji, msasi na jangili: Runinga ilivyotugawia majina

KUNA methali mashuhuri ya Kiafrika isemayo kwamba mpaka simba apate msimulizi wake, visa vya uwindaji vitaendelea kumsifu mwindaji. Wasomi wetu huipenda sana wanapojadili ukoloni na uandishi wa historia. Nami naikubali, ila naona kuna mahali ambapo imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mahali hapo ni kwenye runinga.

Katika dokumentari za wanyamapori (wengine huziita makala maalum, lakini nitatumia neno lililo midomoni mwa wengi), simba ana msimulizi, tena mwenye sauti nzito ya kuvutia. Simba ana jina, ana mama, ana watoto wa kulisha, ana kiangazi cha kuogopa. Asiye na msimulizi ni mwindaji, hasa akiwa Mwafrika mwenye upinde. Huyo hupita kwenye skrini kama kivuli. Akibahatika kuitwa kwa neno lolote, neno lenyewe ni hilo hilo moja: jangili.

Leo ningependa tufuatilie historia ya ugawaji huu wa majina, kwa kuwa Kiswahili kimehusishwa ndani yake kuliko tunavyodhani.

Tuanze na neno safari. Sisi tulilipata kutoka kwa Kiarabu likiwa na maana pana ya kwenda mbali. Waingereza walipolichukua, walilibana likawa msafara wa kizungu wa kuwinda. Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit. Kufikia mwisho wa msafara wao mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512. Cherry Kearton, mpigapicha Mwingereza, aliwarekodi, na filamu yake ikaonyeshwa mwaka huo wa 1910. Hebu jiulize, msomaji: ni nani aliyewahi kumwita Roosevelt jangili? Alikuwa na leseni, na mizoga mingi ilikuwa ya jumba la makumbusho. Basi akaitwa mwindaji, na baadaye mhifadhi.

Baada yake walikuja Martin na Osa Johnson, waliopiga kambi Marsabit katika miaka ya 1920 na kutoa filamu yao Simba mwaka 1928. Kisha runinga ikaingia. Katika miaka ya 1950, Armand na Michaela Denis, waliokuwa na makao yao Nairobi, waliwaandalia watazamaji wa BBC kipindi kilichoitwa On Safari. Hollywood nayo ikatoa Hatari! mwaka 1962, na runinga ya Marekani ikatoa Daktari mwaka 1966. Simba, safari, hatari, daktari: maneno yetu yalitiwa kwenye vichwa vya filamu kama vile bizari kwenye mchuzi, bali wenye maneno walibaki wabeba mizigo.

Ni kweli kwamba kamera ilichukua nafasi ya bunduki. Lakini lugha yetu inajua kuwa vitu hivi viwili ni ndugu. Kwa Kiswahili mtu hupiga risasi, na mtu hupiga picha. Katika vyote viwili kuna anayelenga na anayelengwa, na anayelengwa haulizwi.

Sasa tuwatazame Waata, ambao majirani wao waliwaita Waliangulu. Hawa ni watu wa nyika iliyo kati ya Pwani na Tsavo, wenye lugha ya jamii ya Kioromo. Kwa vizazi vingi waliwinda ndovu kwa upinde mrefu uliohitaji nguvu nyingi mno kuuvuta, hata Wazungu waliuliganisha na pinde za kivita za Uingereza ya kale. Mishale waliipaka sumu iliyochemshwa kutokana na mti, sumu ambayo Wamijikenda huiita utsungu, neno lililo ndugu wa uchungu wetu.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa mbuga ya taifa. Ndani ya mipaka yake, kazi ya baba na babu ilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1951 sinema ya Where No Vultures Fly, iliyotengenezwa hapa Kenya, ikawaonyesha Waingereza shujaa wao mpya: afisa mzungu anayewalinda wanyama dhidi ya wezi wa pembe. Miaka michache baadaye, kati ya 1956 na 1957, kikosi cha maafisa kama David Sheldrick na Bill Woodley kiliwasaka wawindaji wa Waata kijiji kwa kijiji. Wengi walifungwa. Biashara ya kizazi kizima ikavunjika.

Sitaki kuwapaka Waata rangi ya malaika. Waliuza pembe, na pembe hizo zilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Pwani hadi ng'ambo. Lakini tazama nani aliyebaki kwenye picha. Mnunuzi mwenye duka na mashua haonekani. Anayeonekana ni mwenye upinde.

Serikali ilipogundua kuwa imewaacha watu bila riziki, ilianzisha mradi huko Galana mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili Waata wawinde kihalali kwa kiasi. Haukudumu. Ndovu nao waliongezeka ndani ya mbuga, wakaangusha miti, na kiangazi cha 1970 na 1971 kilipofika, takriban ndovu elfu sita walikufa Tsavo kwa kukosa malisho. Wataalamu walibishana vikali ikiwa baadhi yao wangepunguzwa mapema. Katika ubishi huo wote, watu waliowajua ndovu hao kwa nyayo hawakuwa na kiti mezani.

Linganisha na Elsa. Simba huyu wa Joy Adamson anajulikana dunia nzima kupitia kitabu cha 1960 na filamu ya 1966. Mamaye aliuawa kwa risasi mwaka 1956 na George Adamson mwenyewe, mumewe Joy, aliyekuwa afisa wa wanyamapori. Elsa tunamjua. Galogalo Kafonde, mmoja wa wawindaji hodari kabisa wa Waata, ni wangapi kati yetu tunamjua?

Ni haki niseme pia kwamba maangamizi yaliyofuata yalikuwa ya kweli. Kenya ilikuwa na zaidi ya ndovu 160,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walikuwa chini ya 20,000. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1977, lakini magenge yenye bunduki za kivita hayakujali. Rais Moi alipozichoma tani 12 za pembe Julai 1989, mbele ya kamera za dunia, alikuwa na sababu. Ninacholalamikia ni kuwa mwenye AK-47 mwaka 1988 na mzee mwenye upinde mwaka 1948 waliingizwa katika neno moja.

Runinga ina kikapu kingine pia, cha mwindaji wa "tangu zama". Filamu ya John Marshall, The Hunters, ya mwaka 1957, ilionyesha Wasan wanne wa Kalahari wakimfuata twiga kwa siku nyingi. Baadaye ilijulikana kuwa kisa hicho kilishonwa kutokana na misako kadhaa. Kwa heshima yake, Marshall alirudi na mwaka 1980 akatoa filamu nyingine iliyowaonyesha watu hao hao wakiishi kwa kutegemea mgao wa serikali. BBC nayo, katika Human Planet ya 2011, iliwaonyesha Wadorobo watatu wa Kenya wakiwatisha simba na kukata nyama kutoka kwenye windo lao. Mfululizo huo uliondolewa sokoni mwaka 2018 baada ya kubainika kuwa sehemu nyingine zake, kama nyumba ya mtini kule Papua, zilipangwa kwa ajili ya kamera. Halafu jina lenyewe Dorobo limetokana na neno la Kimaasai la kumwita maskini asiye na ng'ombe. Hata sifa ilitolewa kwa jina la dharau.

Basi Kiswahili kifanye nini? Hazina tunayo. Tuna mwindaji. Tuna msasi, neno la kale lenye heshima. Fumo Liongo anasifiwa hadi leo kwa shabaha ya upinde wake, na hakuna aliyemwita jangili. Neno jangili lenyewe linafanana sana na jangli la Kihindi, lenye maana ya kitu au mtu wa porini. Yaani limebeba dharau kwa mtu kabla hata ya kutaja kosa lake.

Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa kitoweo, lakini hata hiyo inautenganisha na biashara ya pembe. Inakuwaje lugha ya taarifa zetu za habari iwe butu kuliko sheria? Aliyekamatwa na digidigi mmoja kwa njaa, na tajiri aliyekamatwa na kontena la pembe bandarini, wote eti ni majangili!

Nawaomba watafsiri na wasomaji wa habari: wa kitoweo aitwe mwindaji haramu ikibidi, mwenye kuua kwa soko aitwe jangili, na mnunuzi aitwe mlanguzi, tena atajwe kwanza. Nanyi waandaaji vijana wa dokumentari nchini, wazee wa Waata wangali hai na lugha yao ingali inazungumzwa. Nendeni mkawaulize majina yao kabla ya kuwasha kamera.