Petit pays: urafiki wa watoto watano wa Bujumbura, na vita iliyowakuta

Kuko riwaya moja ya Kifaransa yenye inaongelea vijana, na mambo yake yanatokea karibu sana na sisi. Inaitwa Petit pays, maana yake "Inchi ndogo". Katika kurasa za kwanza, familia moja inatoka Bujumbura kwa gari, inavuka mupaka na kufika Bukavu kusalimia rafiki ya baba, Mubelgiji mwenye nyumba ku Ziwa Kivu. Wakati ule inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaïre. Musomaji wa Uvira, Bukavu ao Goma hatahitaji ramani.

Tunaongelea kitabu hiki kwa sababu kinaonyesha jambo lenye wazazi na walimu wengi wanajiuliza: namna gani urafiki wa watoto wenye kuiba maembe unafika siku moja kuomba mutoto auwe mutu?

Muandishi ni nani

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982. Baba ni Mufaransa, mama ni Munyarwanda. Mwaka 1995, akiwa na miaka 13, vita ilimupeleka Ufaransa. Alikomalia kule, akasoma, akafanya kazi ya mambo ya feza London, kiisha akaacha ile kazi na kushika muziki ya rap. Albamu yake ya mwaka 2013 ina jina Pili pili sur un croissant au beurre, na ndani yake muna wimbo wenye kuitwa Petit pays. Riwaya yenye jina lile lile ilitoka Paris mwaka 2016, kwa Grasset.

Watu wengi wanafikiri mutoto wa kitabu ni yeye mwenyewe. Muandishi anasema hapana. Muji ni wake, kuzaliwa na baba muzungu na mama mweusi ni kwake, lakini hadithi ya ile familia ni ya kutungwa.

Kundi la avenyu

Gabriel, wenye wanamuita Gaby, ana miaka kumi hadithi inapoanza, mwaka 1992. Anakaa na wazazi wake na dada yake mudogo Ana mu kartie ya Kinanira, ku avenyu moja yenye haitokee upande wa pili. Nyumbani kuko mupishi Prothé, shofere Innocent, na Donatien, kapita wa baba, mutu wa Zaïre.

Marafiki wa Gaby ni wane: Gino, Armand na mapacha wawili. Wanaiba maembe kwa majirani, wanaenda kuoga ku mto, wanabishana juu ya kila kitu. Nyumba yao ya siri ni Kombi moja ya Volkswagen yenye ilikufa zamani na kubaki ku kiwanja kitupu. Mule ndani njo wanavuta sigara za kwanza na kuapa kama hawataachana.

Kila mumoja ana kitu chenye anaficha. Gino anasema siku zote mama yake iko Rwanda, atarudia. Ukweli ni kama mama alikwisha kufa, na Gino hana nguvu ya kuusema. Armand anachekesha wote, lakini ku nyumba baba anamupiga. Gaby naye anaona wazazi wake wanaachana, na haambie mutu.

Kuko pia kisa cha kinga. Kinga ya Gaby inaibiwa, inauzishwa mara mingi mpaka inafika kijijini, kwa familia ya maskini. Gaby anaifuata na kuinyanganya. Donatien anaona vibaya, na Gaby mwenyewe haya inamushika. Mule mutoto wa watu wenye kujiweza anaanza kujua kama yeye pia anaweza kukosea wengine.

Vita inaingia

Tarehe za kitabu ni tarehe za kweli. Mwezi wa 6 mwaka 1993, Burundi inapiga kura na Melchior Ndadaye anachaguliwa prezidenti. Tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka ule ule, askari wanamuua, na mauaji yanaenea mu inchi. Tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1994, ndege yenye ilibeba maprezidenti wa Rwanda na wa Burundi inaangushwa Kigali. Genoside ya Watutsi inaanza Rwanda. Mama ya Gaby ni Munyarwanda, Mututsi. Anaenda kutafuta jamaa yake, na anaporudia, mutu mwenye anarudia si yule alienda.

Mbele ya ile, baba alikuwa amekataza watoto wasiingie mu siasa. Lakini siasa inawafuata mpaka ku masomo, ku uwanja, mpaka mu Kombi. Gaby anaulizwa aseme iko upande gani. Kujibu "sina upande" haitoshe tena.

Hapa njo Francis anaingia. Ni kijana mukubwa kuliko wao, mwenye alikuwa anawapiga na kuwatisha. Gino anafanya urafiki naye, wengine wanafuata. Pale walikuwa wanahesabu maembe, sasa wanaongea grenadi. Wanasema ni kwa kulinda avenyu. Gaby anaanza kukimbia kundi, anaenda kwa jirani mumoja, mama Mugiriki anayeitwa Madame Economopoulos, mwenye nyumba imejaa vitabu. Anaazima kimoja, anarudisha, anaazima kingine.

Vitabu havimuponyeshe. Baba ya Armand anauawa. Vijana wanakamata mutu mumoja wenye wanasema njo muuaji, wanamufunga ndani ya taksi, wanamwanga esanse. Wanatia briketi mu mikono ya Gaby. Wanamuambia kama akikataa, itakuwa zamu ya baba yake na dada yake. Gaby anaitupa.

Kwa nini inatugusa

Riwaya mingi ya vijana inasema urafiki unaokoa. Hii inasema urafiki ule ulikuwa wa kweli, na njo maana ulikuwa hatari. Gaby hakuvutwa na adui. Alivutwa na wale alikula nao maembe, pale mumoja wao alikuwa analia baba yake. Huku kwetu, wenye wameona kijana anaingia mu kundi lenye silaha wanajua hii hesabu: mara mingine mwenye anamuita ni mutu wa darasa lake, na kukataa ni sawa kumuacha peke yake.

Musomaji anaweza pia kuuliza kitabu maswali. Gaby ni mutoto wa baba mwenye kampuni, ana pasiporo ya Ufaransa, na ndege inakuja kumutoa. Prothé na Donatien hawana ndege. Tunaona maisha yao kwa macho ya mutoto wa tajiri wao, na mara mingi tunabaki na hamu ya kusikia sauti yao.

Kwa wenye wanataka kusoma

Mwaka 2016 kitabu kilipata Goncourt des lycéens, zawadi yenye ilianzishwa mwaka 1988 na inatolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wenyewe. Filamu ya Éric Barbier ilitoka mwaka 2020. Mwaka 2024 Faye alitoa riwaya ya pili, Jacaranda, juu ya Rwanda ya nyuma ya genoside, na ikapata zawadi ya Renaudot.

Kifaransa chake ni cha kawaida na sura ni fupi. Mwanafunzi wa miaka 14 ao 15 anaweza kukimaliza. Lakini kurasa zenye mama anaeleza vile alikuta Rwanda ni nzito sana, zaidi kwa mutoto mwenye ameona vita. Zile, heri zisomwe pamoja na mukubwa.

Ku mwisho, Gaby ana miaka 33 na anarudia Bujumbura. Anamukuta Armand, mwenye alibaki. Na kuko kitu chenye kilimuita: Madame Economopoulos alikufa, akamuachia vitabu vyake.